Gari dogo lililozeeka linakula oili: uongeze tu, ufungue injini, au ufunge nyingine?

Mlima Kitonga ndio ulionionyesha ugonjwa wa gari langu. Nilikuwa natoka Iringa kurudi Dar es Salaam. Zile kona zote nimeziteremka kwa gia nzito, mguu hauko kwenye mafuta, na nilipofika chini barabara inaponyooka nikakanyaga. Kwenye kioo cha nyuma nikaona wingu la bluu, zito, limelala barabarani kama moshi wa kuni mbichi. Likakatika. Kilomita moja, mbili, tano mbele, hakuna moshi tena. Asubuhi ya kuondoka Dar nilikuwa nimejaza oili hadi alama ya juu. Niliporudi nyumbani na kuchomoa stiki, ilikuwa imelowa kwa chini tu, karibu na alama ya pili.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1.3, ile wanayoiita 2NZ-FE. Wiki hiyo nilipewa ushauri wa aina nne. Fundi wa kwanza: "Dada, injini imechoka, tia oili nzito, 20W-50, utulie." Wa pili alitaka tushushe injini, tubadilishe ringi za pistoni. Wa tatu alisema nisihangaike, niende Gerezani, ule mtaa wa vipuri Dar, nikachukue injini ya mtumba, kesho yake natembea. Jirani yangu akaniambia yeye anaongeza oili mwaka wa tatu huu na gari linampeleka kazini kila siku.

Baada ya kuhangaika na jambo hili kwa miezi, naona kila mmoja alikuwa sahihi kwa gari fulani. Kosa lao ni kwamba hakuna aliyeniuliza linakula kiasi gani, wala linakula kupitia wapi. Bila majibu ya maswali hayo mawili, yoyote utakayochagua ni kubahatisha, na kubahatisha kwenye injini ni ghali.

Kwanza ujue linakula kiasi gani

Usichague kwa kutazama kilomita za dashibodi. Gari langu liliingia nchini likisoma 62,000. Muda mrefu baadaye, nikifuta vumbi kwenye ukingo wa mlango wa dereva, nikakuta stika ndogo ya Kijapani ya kubadilisha oili: 20.6.14, na pembeni yake 81,000. Ile 20 ni mwaka wa 20 wa enzi ya Heisei. Ongeza 1988 unapata 2008. Kwa hiyo mwaka 2008 gari lilishapita 81,000, na mimi niliuziwa la 62,000. Kama gari lako limetoka Japani, tafuta stika hiyo kwenye mlango au chini ya boneti kabla haijachunika.

Kipimo cha kweli ni cha stiki. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika kumi oili ishuke kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, futa stiki, ichomeke mpaka mwisho, ichomoe usome. Jaza hadi alama ya juu, wala usipitilize, maana oili iliyozidi nayo huvutwa na kuchomwa. Andika kilomita. Ukifika kilomita 1,000 pima tena mahali palepale, kisha ongeza kwa chupa yenye vipimo mpaka urudi alama ya juu. Ulichoongeza ndicho gari lilichokula. Rudia mara ya pili. Kwangu ilikuwa rahisi kwa sababu Dar hadi Iringa na kurudi ni karibu kilomita 1,000 hasa, lakini kumbuka kupima na safari za mjini pia. Kwenye foleni injini inazunguka saa nzima na kilomita hazisogei.

Gari lipi liitwe bovu? Marekani, Toyota ilipopata malalamiko kuhusu injini ya 2AZ-FE ya 2.4, ambayo huku tunaijua kwenye Harrier na Ipsum, kipimo cha kulikubali gari kuwa lina tatizo kilikuwa kula zaidi ya kwati moja kwa maili 1,200. Kwa hesabu yetu hiyo ni kama nusu lita kwa kilomita 1,000. Mimi nimeichukua nusu lita kuwa mstari wangu. Injini yenye umri wa miaka ishirini inayokula robo lita kwa kilomita 1,000 siiiti gonjwa, naiita mzee. Inayokula nusu mpaka lita moja inatafutiwa chanzo. Inayopita lita moja imeshaingia kwenye maamuzi makubwa.

Gharama nazipima kwa lita pia, kwa sababu bei za shilingi zinabadilika kila mwaka na kila mtaa. Injini yangu inachukua lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Passo na Vitz za silinda tatu zinachukua pungufu ya hapo. Tuseme unatembea kilomita 12,000 kwa mwaka na unabadilisha kila 5,000. Hiyo ni karibu lita 9 kwa mwaka hata gari likiwa zima kabisa. Likila robo lita kwa kila 1,000, unaongeza lita 3 juu yake. Likila lita nzima, unaongeza 12, na hapo unanunua oili ya kuongeza nyingi kuliko ya kubadilisha. Fundi akikutajia bei ya kazi, igawanye kwa bei ya lita moja ya oili unayotumia. Utapata lita. Zigawanye kwa lita unazoongeza kwa mwaka, utaona mara moja kazi hiyo ni miaka mingapi ya kuongeza.

Inatokea wapi

Oili ina milango miwili tu: inavuja nje, au inaungua ndani. Weka katoni safi chini ya gari usiku kucha, asubuhi itazame. Kwenye magari haya mvujo wa kawaida uko gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kwenye sili, yaani mipira ya kuzuia oili, za krenki mbele na nyuma, na kwenye bolti ya sampu iliyokazwa mara nyingi mpaka ikala meno. Ukivuja juu ya ekzosi utasikia harufu kabla ya kuona tone.

Kama katoni ni kavu, soma moshi. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi ukiwasha tu kisha ukaisha, au unaotoka baada ya mteremko mrefu kama wangu wa Kitonga, unaelekeza kwenye sili za valvu. Ukiteremka bila kukanyaga mafuta, injini inavuta kwa nguvu upande wa kuingiza hewa, na sili zilizokauka zinaruhusu oili ipite kwenye miguu ya valvu. Moshi wa bluu unaotoka ukiwa umekanyaga, ukipanda mlima au ukipita lori, na hauishi, unaelekeza kwenye ringi. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikipata moto ni maji ya rejeta, na mweusi ni petroli nyingi. Hayo ni magonjwa mengine.

Hapa nataka kulikemea jambo moja linalopoteza pesa za watu. Fundi anapima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya silinda, anakuta iko vizuri silinda zote, anakwambia ringi ni nzima. Si lazima iwe hivyo. Pistoni ina ringi tatu: mbili za juu zinazuia kompresheni, ya tatu ya chini kazi yake ni kukwangua oili ukutani na kuirudisha kwenye sampu kupitia vitundu vidogo. Oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa inageuka masizi, inaziba vile vitundu na kuigandisha ringi ya tatu. Kompresheni itasoma vizuri na gari litaendelea kunywa. Kompresheni mbaya inathibitisha ugonjwa, lakini nzuri haikuhakikishii kwamba ringi ya oili ni nzima.

Chomoa plagi pia. Ikiwa moja tu ina masizi meusi yenye unyevu wa oili na tatu ni kavu, tatizo liko silinda moja, na hilo ni jambo tofauti na injini iliyochoka yote.

Kuongeza tu, au kutibu

Njia ya jirani yangu si ya kudharauliwa. Chini ya nusu lita kwa kilomita 1,000, na moshi haumkeri mtu, kuongeza ndiyo tiba rahisi kuliko zote, na unaweza kukaa nayo miaka. Ina masharti mawili ambayo wengi hawayatimizi.

La kwanza, kupima kila wiki bila kukosa. Watu wanasubiri ile taa nyekundu ya kikebe cha oili. Taa ile haipimi kiasi cha oili, inapima presha. Ikiwaka, pampu tayari inavuta hewa, na beringi za krenki zinakwaruzana chuma kwa chuma. Kati ya alama ya juu na ya chini kwenye magari mengi madogo kuna lita moja hadi moja na nusu. Gari linalokula lita moja kwa 1,000 linaweza kuimaliza nafasi hiyo kwenye safari moja ya Iringa. Kwenye injini kama yangu, cheni ya taimingi inakazwa na kitu kinachosukumwa na presha ya oili hiyohiyo. Oili ikipungua, cheni inaanza kupiga kelele, na kelele hiyo hugeuka kuwa gharama.

La pili, kuongeza si kubadilisha. Nimesikia mara nyingi: "Gari langu linajibadilishia lenyewe, kila mwezi naweka mpya." Filta ni ileile, uchafu ni uleule, na masizi yanazidi kuganda kwenye ringi. Gari linalokula oili ndilo linalohitaji kubadilishiwa mapema. Toyota kwa soko la Japani inasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu ya hapo kwa matumizi magumu. Foleni, vumbi na joto letu ni matumizi magumu, na injini mzee inaongeza sababu. Mimi sipiti 5,000 wala miezi sita.

Udhaifu wa njia hii ni masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi. Oili inayoungua inapita humo, inaacha mabaki ya viambato vyake, na taratibu masega yanakufa pamoja na sensa ya oksijeni. Kwa anayekula robo lita hilo litachukua muda mrefu. Kwa anayekula lita, ndiyo sababu kubwa ya kutibu kuliko bei ya oili yenyewe.

5W-30, 10W-40, 20W-50

Namba ya pili inaeleza uzito wa oili ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 iko kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha sentistoki. Ya 40 inaanzia 12.5 hadi 16.3. Ya 50 inaanzia 16.3 hadi 21.9. Kwa hiyo kutoka 30 kwenda 50 unakaribia kuuzidisha uzito mara mbili, kwenye injini iliyotengenezwa na mianya midogo na valvu ya VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) inayosukumwa na oili kupitia chujio dogo sana.

5W-30 ndiyo niliyokuwa natumia, na ndiyo inayofika juu haraka ukiwasha. Kwa injini isiyokula, sioni sababu ya kuiacha. Kwa inayokula kupitia sili au ringi, inapita kirahisi.

20W-50 inapunguza ulaji kwa kweli, sitasema uongo. Inapunguza na uvujaji, na inanyamazisha kelele kidogo. Ndiyo maana anayetaka kuuza gari kesho anaipenda, na ndiyo maana mnunuzi makini anauliza ni oili gani iliyomo. Bei yake ni gari kuwa zito, petroli kuongezeka kidogo, na asubuhi cheni kulia kwa sekunde kadhaa kabla oili haijafika juu. Mwenye gari Njombe au Makete, kwenye ule ubaridi wa Juni na Julai, atausikia mlio huo kuliko mtu wa Dar. Na haigandui ringi iliyoganda, inaficha tu.

10W-40 ndiyo ninayoichagua kwa gari dogo lililozeeka linalokula kiasi. Ni hatua moja, inapunguza ulaji bila kuibadilisha tabia ya injini. Nilihama kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 kabla ya kufanya kazi yoyote, na kwa kilomita 1,000 ulaji ulishuka kutoka mililita 800 hadi kama 650. Ulipungua, lakini hiyo haikuwa tiba.

Zaidi ya uzito, tazama herufi za API, kiwango cha ubora wa oili kinachoandikwa kwenye galoni. Za injini ya petroli zinaanza na S, na herufi ya pili kadiri inavyosogea mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya: SL ni ya 2001, SN ya 2010, SP ya 2020. IST ilitoka mwaka 2002, kwa hiyo SL ndiyo chini kabisa unayopaswa kukubali. Kuna oili za bei ndogo sana, hasa za kupima kutoka kwenye pipa, ambazo ni SF, kiwango cha miaka ya 1980, na nyingine hazina herufi zozote. Bora 10W-40 ya SN ya kawaida kuliko oili ya jina kubwa usiyojua imetoka wapi. Na galoni ikiisha, itoboe kabla ya kuitupa. Galoni safi lenye lebo nzima ndilo linalorudi sokoni likiwa na oili chafu.

Kuhusu dawa za kuchanganya na oili sina maneno mengi. Zile za kulainisha sili zinaweza kupunguza mvujo mdogo wa sili iliyokauka. Kwa ringi sijaona. Na dawa za kusafisha injini kwa haraka naziogopa kwenye gari lenye tope jingi ndani, kwa sababu tope likibanduka kwa pamoja linakwenda kuziba chujio la sampu, na injini inakosa presha. Ukitaka kuisafisha injini, badilisha oili nzuri na filta kila 2,500 mara tatu mfululizo. Ni polepole, ni salama.

Kazi ndogo kabla ya kazi kubwa

Kabla hujakubali injini ishuke, kuna kifaa kidogo cha kubadilisha: valvu ya kupumulia injini, mafundi wanaiita pisivii. Kwenye injini hizi iko juu ya tapeti kava na mpira unaoenda kwenye manifoldi. Kazi yake ni kuruhusu mvuke wa ndani ya injini uvutwe na kuchomwa, kwa kiasi. Ikiganda wazi, inavuta oili pamoja na mvuke. Ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili kwenye kila sili. Ichomoe uitikise: nzima inalia tik-tik. Ya kwangu ilikuwa kimya, imejaa gundi nyeusi. Ni kifaa cha dakika kumi, na hakuna hata mmoja kati ya wale mafundi wa kwanza aliyeigusa.

Halafu sili za valvu. Kwenye injini ya silinda nne yenye valvu nne kila moja ni sili 16, na za upande wa kuingiza si sawa na za upande wa kutoa, usikubali zichanganywe. Kazi hii haihitaji kushusha injini wala kufungua silinda hedi, ikiwa fundi anajua. Anafungua tapeti kava na mbele, anaondoa cheni na kemishafti (shafti zinazofungua valvu), kisha anajaza silinda hewa ya kompresa, au anaingiza kamba laini kupitia tundu la plagi na kuisukuma kwa pistoni, ili valvu zisidondoke ndani akizifungua springi. Nimekaa nikaangalia ile kamba ikiingia kidogo kidogo kama utambi wa taa. Fundi asiyejua njia hii atakwambia lazima hedi ishuke, na bei itakuwa mara mbili.

Ukilinganisha kwa lita: tuseme kazi yote ni sawa na lita 30 za oili, na gari linakula lita 8 kwa mwaka kupitia sili. Kwa oili peke yake itajilipa baada ya miaka karibu minne. Ukiweka masega na plagi kwenye mizani, inajilipa mapema zaidi. Kama unakula lita 3 tu kwa mwaka, iache, endelea kuongeza.

Ringi mpya, au injini ya mtumba

Hapa ndipo pesa nyingi ilipo, na ndipo nilipouliza watu wengi zaidi.

Injini ya mtumba kutoka Japani ina faida moja kubwa: muda. Kwa IST, Vitz na ndugu zao zipo nyingi, na fundi mzoefu anafunga kwa siku moja au mbili. Mwenye gari la biashara anayepoteza kipato kila siku gari likiwa juu ya mawe atalipima hilo sana, na ana haki. Hasara yake ni kwamba unanunua historia usiyoijua. Injini ile ilitolewa kwenye gari la umri uleule na lako. Inaweza kuwa nayo inakula.

Ukienda kununua, usilipe kwa kuangalia bloku lililosafishwa likang'aa. Fungua kifuniko cha oili uchungulie kwa tochi: chuma cha rangi ya asali ni sawa, tope jeusi kama lami achana nalo. Chomoa plagi zote uzitazame. Pitisha kidole ndani ya manifoldi. Oili nyingi humo inakupa habari. Izungushwe kwa mkono, ipimwe kompresheni, na muda wa dhamana uandikwe kwenye risiti. Na kabla haijafungwa, injini ikiwa bado chini, badilisha sili ya nyuma ya krenki, sili za valvu, gasketi ya tapeti kava, pisivii na pampu ya maji. Chini ni kazi ya saa chache. Ikishapanda, sili ya nyuma peke yake inadai giaboksi litoke. Watu wengi wanaruka hatua hii ili waokoe pesa, kisha wanarudi gereji mwezi wa pili.

Usisahau kadi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini taarifa zibadilishwe TRA, na risiti ya manunuzi uitunze. Siku ya kuuza gari ndiyo siku utakayoulizwa.

Ringi mpya kwenye injini yako zina faida iliyo kinyume: historia unaijua. Unajua haijawahi kuchemka, unajua ilibadilishwa oili lini. Lakini unategemea mikono ya fundi kwa kila kitu. Bloku la injini hizi ni la aluminiamu lenye silivu nyembamba za chuma. Si bloku la kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kama injini za zamani. Kama ukuta wa silinda una mikwaruzo inayokamata ukucha, ringi mpya hazitasaidia, na hapo jibu ni injini nyingine. Kama ukuta ni mzima, kazi ni kusafisha mifereji ya pistoni, kuvizibua vile vitundu vya kurudishia oili kimoja kimoja, kukwaruza ukuta kidogo ili ringi zikae, na kufunga ringi halisi zenye alama zikitazama juu. Fundi anayefunga ringi mpya bila kuvizibua vitundu amekuuzia miezi sita.

Niliwauliza mafundi swali moja: "Ukimaliza, oili ya kwanza tunabadilisha lini?" Aliyejibu "kilomita 1,000, maana ringi zinakuwa bado zinajipanga" nikaendelea kuongea naye. Aliyejibu "elfu tano kama kawaida" nikamshukuru nikaondoka.

Kwa hiyo chaguo langu liko hivi. Injini haijawahi kugonga chuma kwa ndani, haijawahi kuchemka, inakula zaidi ya lita moja, na una fundi uliyeona kazi zake mbili tatu zinatembea: fungua ringi, na sili za valvu uzibadilishe humohumo. Injini ilishagonga, au ilishachemka mpaka hedi ikapinda, au silinda zina mikwaruzo: chukua ya mtumba kwa masharti niliyoyataja. Na kama huna fundi wa kumwamini, naona mtumba wenye dhamana ya maandishi una hatari ndogo kuliko kufungua injini kwa mtu usiyemjua.

Jambo moja la pembeni lakini linaumiza magari mengi: thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likipata joto kidogo, fundi anaitoa na kuitupa, gari "linapoa". Injini sasa haifikii joto lake la kazi, petroli isiyoungua vizuri inashuka na kuichafua oili, tope linaongezeka, ringi zinaganda. Ya kwangu ilikuwa imetolewa kabla sijalinunua gari. Kabla ya kuhukumu injini, uliza kama thamostati ipo, na kama haipo, irudishwe.

Mimi nilianza na thamostati, pisivii na 10W-40, kisha sili 16 za valvu. Ringi sijazigusa. Safari iliyofuata ya Iringa niliteremka Kitonga vilevile, gia nzito, mguu nje ya mafuta, na chini nikakanyaga huku natazama kioo. Barabara ilikuwa nyeupe. Nyumbani niliongeza mililita 200 kurudi alama ya juu, na daftari langu la vipimo sasa liko kwenye mfuko wa mlango wa dereva, chini ya ile stika ya Heisei 20.